Tezo Tatu, Kibarani Nunge

Kila Ijumaa watu wa Tezo hawaanzi kubishana habari za mpira mpaka Mangi atoke na chaki. Ijumaa hiyo alichelewa, maana alikuwa akipakia viti, na vijana wa bodaboda walikuwa wamekwisha kuanza kunung'unika. Alipotoka aliufuta ubao wa nje ya duka lake kwa kitambaa kibichi, akaandika mechi za wikendi za ligi ya mitaa, moja chini ya nyingine, na mbele ya kila mechi matokeo yake, kana kwamba imekwisha chezwa. Watamu mbili, Gede moja. Matsangoni na Mnarani, droo. Alipofika mstari wa mwisho mkono wake haukusita hata kidogo: Tezo tatu, Kibarani nunge.

"Profesa kasema!" vijana wakashangilia. Mmoja alipiga honi ya pikipiki mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

Mangi hakuwa kocha, wala hakuwahi kucheza mpira ila ule wa matambara. Alikuwa mkodishaji wa viti. Alikuwa na viti vya plastiki, mahema mawili, sufuria za pilau na spika zenye kukwaruza, na hivyo ndivyo alivyowapelekea wenye matanga na wenye harusi kuanzia Kilifi mjini mpaka Gede. Kazi hiyo ina riziki lakini haina heshima. Mkodishaji viti hufika shughulini kabla ya wageni, huondoka baada yao, na hapo katikati hakuna amkumbukaye. Chakula akipata, ni ukoko. Hata mwenye shughuli humwita "wewe wa viti". Ubao ndio uliompa jina. Tangu aanze kutabiri ligi, akawa hakosei ila kwa nadra, watu wazima wenye magari yao walikuwa wakisimama kumwamkia.

Siri ya elimu yake waliijua watu wawili tu, yeye na mkewe Everlyne. Mangi hakutabiri mpira, alitabiri uchovu. Huku kwetu mtu akifiwa kijiji kizima hukesha, na wanaokesha hasa ni vijana. Wao ndio wachota maji, wao wapasua kuni, wao wachimba kaburi, na ngoma ikipigwa wao ndio wachezaji mpaka kunakucha. Harusi nayo ni hivyo hivyo. Basi Mangi alitazama tu viti vyake vinakwenda wapi. Vikienda Gede, Gede watacheza na macho mekundu. Vijana wenye kubeti kwa simu walimwomba awatabirie na timu za Ulaya, naye aliwakatalia katakata. Aliwaambia ligi ile haina nidhamu. Ukweli ni kwamba huko Uingereza hakujua nani kafiwa.

Wiki hiyo viti vyote na hema moja vilikuwa vimekwenda Kibarani, kwenye matanga ya mzee mmoja aliyeacha wake wengi na wajukuu wasio idadi. Hema la pili na sufuria zilikuwa zinakwenda harusini Gede. Hesabu ilikuwa wazi, mtoto mdogo angeifanya.

Ila Mangi alisahau jambo moja, au pengine hakulisahau bali hakutaka kulitia katika hesabu. Jumapili ya wiki hiyo watu wa Kibarani walikuwa wanakuja kumposa binti yake Purity. Mposaji alikuwa Marvin, kipa wa Kibarani. Na baba yake Marvin, Mzee Thuku mwenye duka la mabati na misumari, ndiye mwenyekiti wa timu.

*

Thuku hakupiga simu. Alikuja mwenyewe na pikapu yake, akaiegesha mbele ya ubao, akasoma kutoka juu mpaka chini huku midomo ikicheza. Alikuwa mtu wa Murang'a aliyeishi Kilifi miaka mingi, akala samaki na nazi mpaka akanona, lakini Kiswahili chake hakikuwahi kuhama.

"Mangi, hii ni nini umeandika?"

"Karibu, mkwe. Wa salama?"

"Usiniite mkwe bado. Hii ni nini?"

"Ni ligi tu, mzee. Naandika kila wiki."

"Tatu? Tatu kwa nyumba yangu? Si ungeweka hata moja. Hata droo! Wewe unajua ni nani anasimama kwa goli."

Watu walikuwa wameanza kusogea. Mwuza mihogo aliacha mihogo yake iungue. Mangi alikuna kidevu.

"Najua. Marvin ni kijana mzuri. Lakini hapa siandiki watu, naandika mechi."

"Basi futa."

"Sifuti, mzee. Nikifuta leo kwa sababu yako, kesho atakuja mwingine. Ubao huu nikiufuta mara moja utakuwa ubao wa kuuzia mboga."

Thuku alitazama huku na huku, akaona kila mtu anamtazama, na uso wake ukaiva. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameishi ugenini muda mrefu, na mgeni hachoki kuhesabu dharau. Wazee wake wanne walikuwa njiani kutoka bara, wamepanda basi usiku kucha kwa ajili ya Jumapili, na leo yeye anasimamishwa barabarani kusomeshwa kipigo kisichotokea bado.

"Sawa," akasema polepole. "Mimi si mtu wa mambo mingi. Kesho kijana wangu akifungwa hizo tatu, Jumapili sikuji. Siwezi kuketi kwako na wazee wangu mkitucheka. Tutaona mwaka ujao, Mungu akipenda."

Akapanda pikapu. Kwa bahati mbaya haikuwaka, na ikabidi aombe vijana wa Tezo wamsukume. Walimsukuma kwa heshima zote, lakini mmoja wao aliimba "tatu, tatu" ili kupata nguvu, na wenzake wakaitikia.

*

Habari ilimtangulia Mangi nyumbani. Everlyne alikuwa uani akikuna nazi, na alivyokuwa akikuna ilionekana kana kwamba nazi ile ilikuwa imemkosea.

"Baba Purity, ni kweli ninayoyasikia?"

"Inategemea wayasikia nini."

"Mwaka ujao! Ati mwaka ujao! Mwanamke anaposwa Jumapili, wewe Ijumaa wamwandikia mkweo matusi barabarani."

"Si matusi. Ni matokeo."

"Futa."

"Sifuti."

"Andika droo. Droo haimuumizi mtu."

"Everlyne, vijana wa Kibarani watakesha matangani leo. Wewe wajua, mimi najua. Kesho hawana miguu. Niandike droo, niwe mwongo kwa macho yangu?"

Everlyne aliisukuma kando mbuzi ya kukunia nazi. "Sawa, Profesa. Basi binti yako muoze kwa huo ubao. Umpe na mahari ya chaki."

Purity alikuwa mlangoni, ameyasikia yote. Alikuwa fundi wa nguo mjini Kilifi, na Marvin alimpata hapo kwa cherehani, siku alipopeleka jezi za timu ziwekwe namba. Alimpenda Marvin kwa dhati, na alijua mwaka ujao wa watu walioudhiana hauna mwezi wa kuanza. Hata hivyo alisema, "Mama, mwache baba. Akifuta, Jumatatu watu watamwita tena wewe wa viti. Mimi sitaki kuolewa kwa namna hiyo."

Mangi alimtazama binti yake. Aliingia ndani akajifanya anatafuta kofia.

Everlyne alimfuata. Alikuwa na la pili, na hili lilikuwa la shughuli yenyewe. "Na wageni wa Jumapili nitawaweka wapi? Nipe hema moja."

"Mahema yametoka."

"Viti?"

"Viti vimetoka. Kibarani watazika kesho na kumaliza Jumapili. Siwezi kumnyang'anya mfiwa kiti."

"Yaani mkodishaji viti anaposewa mwanawe, wageni wakae juu ya mawe?"

"Azima mabenchi ya kanisa. Kivuli, tutaona."

Mganga hajigangi, wahenga walisema, na kinyozi hajinyoi. Everlyne alisimama katikati ya chumba, amefungua mdomo kutoa neno kali. Kisha akaufunga. Alikuwa ameishi na mtabiri miaka mingi, na elimu ya mwenzio ukilala nayo huambukiza. Alimtazama mumewe akivaa kofia, anatoka kupeleka hema Gede ambako angelala mpaka kesho kuangalia mali yake. Viti havikuja nyumbani hapa. Hema halikuja. Kwa hiyo katika hesabu ya Mangi, nyumbani kwa Mangi hakukuwa na shughuli yoyote.

"Nenda salama, baba," akasema kwa upole mwingi. "Kivuli niachie mimi."

*

Jioni ile ile Everlyne alijifunga leso mbili akaenda kwa Dena, nahodha wa Tezo, ambaye pia alikuwa mtoto wa jirani na alizoea kula kwake tangu utotoni. Alimkuta akisafisha viatu vya mpira kwa mswaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuita mweria."

Dena aliuweka mswaki chini. Mweria ni kazi ya pamoja. Mwenye kazi halipi, hulisha. Na hakuna Mgiriama mwenye akili anayeukataa, maana anayekataa mweria leo, kesho akifiwa atachimba kaburi peke yake.

"Mweria wa lini, mama?"

"Kesho asubuhi. Dada yenu Purity anaposwa, na hatuna pa kuweka wageni. Nataka banda la makuti, kubwa, la kutosha Wakikuyu na sisi."

"Mama, kesho jioni tuna mechi na Kibarani."

"Najua, mwanangu. Hata baba yako Mangi kawaandikia tatu. Mtamaliza mchana, mtakula, mtakwenda. Nimechinja kuku."

"Wangapi?"

"Wote," akasema Everlyne, na kuku wake walikuwa ndio akiba yake ya mwaka mzima. Alisema neno hilo bila kupepesa macho.

Dena alimeza mate. "Nitawaambia wenzangu."

"Waambie wote, hata wa akiba."

Jumamosi asubuhi timu nzima ya Tezo ilikuwa uani kwa Mangi kabla umande haujakauka. Walikata nguzo, wakazibeba kutoka bondeni. Walichimba mashimo katika ardhi yenye mawe. Walikwea, wakafunga fito, wakapandisha makuti rundo baada ya rundo huku wakiimba. Na kazi ingeisha mapema kweli, lau si Shangazi Kahonzi, dada yake Mangi. Yeye hakujua lolote la mpira wala la mpango wa wifi yake. Alikuwa tu mama mkali aliyeamini kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuezeka. Alivuta kigoda, akaketi katikati ya banda, akatazama juu.

"Hapa naona jua."

"Wapi, shangazi?"

"Hapo. Na hapo. Na pale naona wingu zima. Wakwe waje waone mbingu kupitia paa la ndugu yangu? Fumueni."

"Tufumue, shangazi?"

"Sikusema Kigiriki. Fumueni upande wote huu, muanze kutoka chini kama watu."

Wakafumua. Beki wa kulia alisema kwa sauti ya chini kwamba afadhali matanga, na Kahonzi akamsikia, akampa kazi ya kuchota maji. Banda liliposimama barabara, jua lilikuwa limekwisha kupinduka, na mikono ya vijana ilikuwa imechanjwachanjwa na makuti. Hapo ndipo Everlyne alipofungua sufuria alizoazima kanisani. Wali wa nazi ulitoka unang'aa, na kuku waliopikwa kwa tui zito. Alipakua mwenyewe, na mtu alipoinua mkono kusema yatosha, alimwongeza.

"Kula, mwanangu. Umefanya kazi ya kiume."

"Mama, nimeshiba."

"Hujashiba. Nani atanilia hiki?"

Purity alikuwa akigawa maji ya kunawa, na alipomwona kipa wa Tezo amelala chali kwenye kivuli kipya, jezi imepanda tumboni, alimtazama mama yake kwa mshangao. Everlyne alikuwa anaosha mwiko. Hakuinua macho.

*

Mangi alikuja uwanjani moja kwa moja kutoka Gede, na vumbi lake. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Watu walimpisha, wengine wakampigia makofi, na Mzee Thuku alikuwa upande wa pili amesimama na mwavuli, hamtazami. Pembeni yake wazee wanne wa bara walikuwa wameketi juu ya ukuta mdogo, wamevaa makoti katika joto lile.

Kibarani walitoka kama Mangi alivyotarajia. Macho mekundu, miayo, na winga mmoja bado alikuwa na udongo wa kaburini kwenye magoti. Marvin alisimama golini akiegemea mlingoti. Mangi alitikisa kichwa kwa huruma. Kisha Tezo wakatoka, na huruma ikamwishia.

Dena alikuwa anatembea kwa mikono iliyoning'inia. Wenzake walimfuata polepole, wengine wameshika tumbo. Filimbi ilipopulizwa hakuna aliyekimbia. Ilikuwa mechi ya ajabu. Watu wa Tezo wataisimulia mpaka wazeeke. Mpira ulikuwa ukisimama peke yake katikati ya uwanja na wachezaji wa pande zote mbili wakiutazama, kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie kwa adabu. Refa peke yake ndiye aliyetoka jasho.

"Kimbieni!" watu wakapiga kelele. "Profesa kasema tatu!"

Kipindi cha pili Tezo walipata penalti, kwa sababu beki mmoja wa Kibarani alijikwaa akauangukia mpira kwa mikono. Dena aliuweka mpira, akarudi nyuma, akaukimbilia kwa mwendo wa mtu apandaye kilima na gunia. Mpira ulibingirika mpaka kwa Marvin, ambaye alikuwa na wakati wa kufumbua macho, kuinama na kuuokota. Upande wa Kibarani ulilipuka. Mwavuli wa Thuku ukaruka juu.

Bao lenyewe lilikuja karibu na mwisho. Winga mwenye udongo wa magotini alipiga mpira hivi hivi, aondokane nao tu. Mpira ulimgonga beki wa Tezo aliyekuwa amekaa chini akinyoosha msuli, ukageuka, ukampita kipa aliyekuwa bado anaamua kuruka au asiruke. Kibarani moja, Tezo nunge.

Mangi hakusikia kelele zile vizuri. Alikuwa anautazama mkono wa Dena, aliyekuwa akipita karibu naye kwenda kutupa mpira. Kutoka kiganjani hadi kiwikoni ulikuwa na mistari myembamba mingi. Mistari hiyo anaijua kila aliyewahi kuezeka.

"Dena. Mmeezeka wapi leo?"

"Kwani si kwako, baba?" akasema Dena, akihema. "Hata hukuambiwa?"

Nyuma ya Mangi vijana wa bodaboda walikuwa wamekwisha kuanza. "Profesa, tatu ziko wapi? Zimekwama Gede?" "Wewe wa viti! Tuletee viti tukae, miguu yauma!" Mangi aliinamisha kofia akaondoka. Iliuma, tusifiche. Miaka yake ya kujenga jina iliteremka naye njia nzima mpaka nyumbani.

*

Banda lilikuwa zuri. Hilo hakuweza kulikataa. Alilizunguka mara moja, akashika nguzo, akatikisa, haikutikisika. Everlyne alikuwa anafagia chini yake.

"Banda zuri," akasema Mangi.

"Asante."

"Vijana wangapi walijenga?"

"Timu."

"Timu yote?"

"Na wa akiba."

Mangi alikaa kwenye benchi la kanisa. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Everlyne, umenichimba. Mke wangu mwenyewe. Watu wananizomea barabarani."

"Sikukuchimba, mume wangu. Mechi uliiandika mwenyewe. Mimi nilikuwa na shughuli." Aliuegemeza ufagio. "Kila mwenye shughuli Kilifi hii waijua shughuli yake, kwa kuwa amekuja kukodi. Mimi nilikuomba hema ukaninyima. Sasa ulitaka ujue vipi kama nyumbani kwako kuna jambo?"

Mangi aliyatazama makuti. Alikuwa na hasira, na alitaka iendelee, kwa kuwa alikuwa na haki nayo. Lakini akamkumbuka yule beki aliyejifunga bao akiwa amekaa. Bega likaanza kumtikisika. Alijaribu kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko, na Everlyne aliposikia akaketi kando yake, wakacheka wote wawili mpaka Shangazi Kahonzi akatoka ndani kuuliza kama kuna mtu amefiwa.

"Kuku wote?" akauliza Mangi, akifuta macho.

"Wote. Hata yule jogoo wako."

Hapo kicheko kikamkatika kidogo.

*

Jumapili Thuku alikuja kabla ya saa waliyoagana, na pikapu iliwaka vizuri. Aliingia chini ya banda amevaa suti ya buluu, wazee wake nyuma, mkewe na akina mama wengine na vikapu, na Marvin akiwa wa mwisho, macho yake yamepata usingizi. Walikaa kwenye mabenchi ya kanisa. Mzee mmoja wa bara alitazama juu, akalisifu paa, na Kahonzi akajibu kwa niaba ya mafundi kwamba si haba.

Salamu zikapita, chai ikapita. Thuku alisimama. Alikuwa amejaa furaha mpaka vifungo vya koti vinalalamika.

"Kabla hatujaanza, mimi niko na swali moja tu. Mkwe." Neno hilo alilitamka taratibu ili kila mtu asikie. "Wewe unaitwa Profesa. Watu wote wanasema wewe hukosei. Sasa jana ulikosea wapi?"

Wazee wakacheka. Vijana wa Tezo waliokuwa wamesimama kando ya ua, maana hakuna aliyetaka kukosa wali wa siku ya pili, wakavuta shingo. Dena alifungua kinywa. "Mzee, sisi jana asubuhi tuli..."

Mangi aliinua mkono, Dena akanyamaza.

Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa la kweli. Angeweza kusema, hesabu yangu ilikuwa sawa, watu wako walikuwa hoi, na kama si makuti haya unayokaa chini yake mngefungwa tatu. Ubao ungepona papo hapo. Vijana wa bodaboda wangeomba radhi. Aliyasikia maneno yakimpanda kooni, matamu. Akatazama upande wa jikoni. Everlyne alikuwa amesimama na mwiko. Kando yake Purity, katika gauni aliloshona mwenyewe, alikuwa akimtazama baba yake bila kumwomba lolote.

"Nilikosea," akasema Mangi. "Niliwadharau vijana wako, mkwe. Na kipa wenu ni mzuri."

"Umesikia!" Thuku akawageukia wazee wake. "Umesikia vile anasema? Mtu mkubwa hukubali." Akavuka banda akamshika Mangi mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa muda mrefu. Kando ya ua vijana wakaguna. Mmoja akasema Ijumaa ijayo ataandika yeye. Mangi alilisikia hilo nalo, akalimeza.

Mambo mengine yalikwenda vyema kuliko ilivyotegemewa. Watu walipatana, wakabishana kidogo ili isionekane rahisi, wakapatana tena. Kisha Marvin na rafikiye wakaleta mnazi wa ugeni, yaani pombe ya mnazi ya kuposea, mtungi umefungwa kitambaa cheupe, wakauweka miguuni pa Mangi. Kwa Wagiriama baba haonji mnazi huo mpaka amwulize binti mbele ya wote. Akinywa bila idhini yake, amemwuza. Everlyne alikuwa mwanakwaya na mnazi hakuugusa, lakini mila ni mila, na yeye ndiye aliyemshika Purity mkono akamleta.

Kata ilijazwa, akapewa Mangi.

"Purity," akasema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Mnazi huu umeletwa na Marvin na watu wake. Niunywe?"

Purity aliutazama mtungi ule. Alikuwa amemwona Dena akinyamazishwa, alikuwa ameiona mikono ya vijana na kuku wa mama, na sasa alikuwa amekwisha kuunganisha yote. Alijua baba yake amelipa nini dakika chache zilizopita. Machozi yalikuwa karibu, naye hakuyataka mbele ya wakwe, basi akatafuta mzaha.

"Baba, si wewe mtabiri? Hebu sema, mimi nitajibu nini?"

Watu wakacheka. "Tabiri, Profesa!" akapiga kelele Thuku. "Na usikosee tena!"

Mangi alimtazama binti yake. Kata ilikuwa inamtetemeka mkononi, na matone machache yakamwagika kwenye viatu vyake vya Jumapili.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana nauliza."

Kicheko kikaisha. Purity alipiga goti, akaishika kata kwa chini, pamoja na mkono wa baba yake, mpaka ikaacha kutetemeka.

"Kunywa, baba," akasema. "Unywe wote."